Kujitunza Kusikokatika Msimu wa Korosho Ukiingia

Mkulima wa Tandahimba au Ruangwa anaweza kuuanza mwezi wa Julai akiwa na nia safi: alale mapema, jioni atembee kidogo, simu aiweke kando, akae na watu wake. Oktoba inaingia, korosho zinadondoka, minada inafunguliwa, na baada ya muda mfupi hakuna hata kimoja kinachoendelea. Januari anajilaumu kwamba hana msimamo. Mara nyingi msimamo anao. Tabia yenyewe aliijenga juu ya siku ya Julai, na siku ya namna hiyo haipo tena msimu ukishaanza.

Hapo ndipo kujitunza kunapowashinda wengi katika mikoa ya Mtwara na Lindi, awe mkulima, mvuvi wa Msimbati, mama lishe wa stendi au mwalimu wa Liwale. Kwamba usingizi ni mzuri kila mtu anajua. Kigumu ni kuupanga usingizi huo, na mengine ya aina yake, yaendelee hata siku zikibadilika sura.

Kwa nini kidogo kidogo, tena kila siku

Mtu akiwa na deni, akingoja malipo asiyojua yataingia lini, au akiuguza mzazi nyumbani, mwili wake unajiweka tayari kwa hatari. Unamwaga adrenalini na kotisoli, homoni za msongo, moyo unakwenda mbio, misuli ya shingo na mabega inakaza, tumbo linavurugika, usingizi unakuwa wa mang'amung'amu. Kwa hatari ya dakika kumi, hali hiyo huokoa maisha. Ikikaa miezi mitatu, inamchosha mtu kwa ndani: hasira zinakuwa za karibu, kusahausahau kunazidi, na jambo dogo la nyumbani linaonekana mlima.

Mwili una njia yake ya kushuka kutoka huko, ila unahitaji kupewa nafasi ya kushuka mara kwa mara. Ndiyo sababu mapumziko ya sikukuu, hata yakiwa mazuri kiasi gani, hayatoshi. Msongo unajazwa upya kila siku, nao unahitaji kupunguzwa kila siku.

Kuna jambo lingine linalowapoteza watu. Mwenye moyo mzito husubiri ajisikie vizuri kwanza, ndipo atoke, aoge, amtembelee ndugu. Moja ya tiba zinazotumika kwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, imejengwa juu ya kuugeuza mpangilio huo: mgonjwa anapanga tendo dogo, analifanya wakati uliopangwa hata kama hana hamu, na hamu inarudi polepole nyuma ya tendo. Anayesubiri hamu itangulie anaweza kusubiri mwaka mzima.

Tabia inavyoshika

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London. Watu 96 walichagua kila mmoja tendo moja la kurudia kila siku, mfano kula tunda na chakula cha mchana, wakafuatiliwa kwa wiki 12. Ilichukua takriban siku 66 kwa mtu wa katikati kufikia hatua ya kulifanya tendo bila kujisukuma. Lakini tofauti ilikuwa kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Na mtu aliyeruka siku moja hakurudishwa nyuma kwa kiasi cha kutajika.

Matokeo hayo yana faida mbili kwa msomaji wa huku kwetu. Ya kwanza ni ya kalenda: anayeanza mwanzoni mwa Julai anazifikisha siku 66 mwanzoni mwa Septemba, kabla korosho hazijamzidi. Anayeanza katikati ya Oktoba anajaribu kupanda mche katikati ya barabara. Ya pili ni ya moyo: siku moja iliyokatika haihesabiki. Kinachovunja tabia ni kuichukulia siku hiyo moja kama ushahidi kwamba umeshindwa. Kanuni tunayoipendekeza ni nyepesi: ukiruka leo, kesho ufanye japo nusu.

Tendo jipya hushika haraka likifungwa kwenye tukio ambalo tayari lipo ndani ya siku yako. Tukio hilo tuliite kigingi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amefanyia kazi kwa miaka mingi mipango ya aina hii, inayosema "likitokea jambo fulani, nitafanya jambo fulani". Mipango hiyo hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla kama "nitajitahidi kupumzika", kwa sababu mtu hahitaji tena kuamua. Uamuzi alishaufanya akiwa ametulia.

Kigingi kizuri kinatokea kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kina mwisho unaoonekana, mtu anajua sasa kimekwisha. Kinatokea mahali palepale, na hakiyumbi msimu ukibadilika. Kwa Mwislamu, kumaliza swala ya alfajiri kunatimiza yote hayo kuliko saa ya ukutani. Kwa mwingine ni kutua dumu la kwanza la maji, kuipua sufuria ya usiku, kuegesha pikipiki ya bodaboda baada ya abiria wa mwisho, au kushusha chandarua. Vigingi vibovu ni kama "asubuhi", "baada ya kazi" na "nikipata nafasi". Asubuhi ni ndefu, kazi ya shamba haina kengele ya kufunga, na nafasi haipatikani kwa kungojwa.

Wavuvi, na akina mama wanaoteremka kuokota pweza na kombe maji yakipwa, wana shida yao inayohitaji uangalifu. Maji ya bahari husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Mvuvi aliyejiwekea kupumzika saa 9 alasiri atakuta wiki ijayo saa hiyo yuko ndani ya mashua. Kwake saa haifai kuwa kigingi. Afunge tabia kwenye tendo la kazi yenyewe: "nikishafunga mashua na kusuuza miguu". Tendo hilo litatokea iwe alfajiri au usiku, bamvua au maji mafu.

Ukishapata kigingi, andika sentensi moja yenye vitu vitatu: kigingi, tendo, mahali. Kwa mfano: *Nikishatua dumu la kwanza, nitakaa kwenye mkeka chini ya mwembe na kuvuta pumzi taratibu kwa dakika tano.* Mahali pasiachwe nje. Anayesema "nitakaa" bila kujua atakaa wapi, ataishia kukaa jikoni, na jikoni kuna kazi.

Anza na tendo moja tu, tena dogo kiasi cha kulifanya hata siku ya homa ndogo. Wengi hukosea hapa. Wanaanza kwa pamoja mazoezi, kuandika daftari, kulala mapema na kuacha sukari, na wiki ya pili yote yanaanguka siku moja. Tendo la pili lisubiri mpaka la kwanza lifanyike bila kukumbushwa.

Nini cha kufunga kwenye kigingi

Kwa asiyejua aanzie wapi, pumzi inafaa. Haihitaji fedha, nafasi wala ruhusa ya mtu. Kaa wima, mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta hewa kwa puani ukihesabu nne, tumbo lisukume mkono. Toa hewa polepole ukihesabu sita. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, hizo ni pumzi sita kwa dakika. Fanya dakika tano. Kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakopunguza kasi ya moyo. Wengine hupata kizunguzungu au ganzi ya vidole: wanavuta hewa nyingi mno na kupoteza kaboni dioksidi kupita kiasi. Dawa yake ni kupunguza kiasi cha hewa unayovuta, kwa ulaini, na mwendo ubaki uleule. Wachache sana huona wasiwasi unazidi wakiusikiliza mwili wao. Hao wafumbue macho, wahesabu hatua wakitembea, itawafaa zaidi.

Usingizi unastahili maelezo marefu, kwa sababu ukiharibika unaharibu mengine yote. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Watu hupambana na saa ya kulala, wakati saa iliyo mikononi mwao ni ya kuamka. Amka wakati uleule kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, toka nje upate mwanga, na usingizi wa usiku unaofuata utajipanga wenyewe ndani ya wiki chache. Kulala mchana kuwe dakika 20 hadi 30, kabla ya saa 9 alasiri. Zaidi ya hapo unakopa usingizi wa usiku.

Kahawa ya jioni kijiweni ina raha yake, na mazungumzo yake ni sehemu ya kujitunza, hatusemi watu wayaache. Ila kafeini hupungua kwa nusu baada ya takriban saa tano. Kikombe cha saa 1 usiku kimebakiza nusu yake mwilini saa 6 usiku. Kikombe kiwe cha alasiri, jioni ukae na wenzako kwa maji au tangawizi isiyo na majani ya chai. Pombe inadanganya zaidi. Msimu wa mabibo, uraka, pombe ya mabibo, upo kila kona, na nipa, gongo yake, haiko mbali. Mtu aliyekunywa analala upesi kweli, lakini nusu ya pili ya usiku usingizi wake unakatikakatika, anaamka saa 9 usiku moyo ukidunda na mawazo yakiwa makali kuliko ya jana. Kesho yake anakunywa tena ili alale. Mzunguko huo ni miongoni mwa sababu tunazoziona nzito kuliko zote za watu kuchoka akili msimu wa fedha.

Ukikaa kitandani kwa makadirio ya dakika 20 bila usingizi, usiendelee kugaragara. Ondoka, kaa pengine penye mwanga hafifu, fanya jambo lisilosisimua, rudi macho yakiwa mazito. La sivyo ubongo unajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuwazia madeni. Na madeni yenyewe yatengewe muda wake mchana. Dakika 15 kabla ya magharibi, daftari na kalamu, andika kila linalokusumbua. Kisha pembeni ya kila moja andika hatua ya kesho, kama ipo: kwenda AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kuulizia malipo, kumwomba mdai muda, kupima shinikizo la damu. Lisilo na hatua liwekewe duara tu. Usiku likija, lina pahala pake kwenye daftari, na wewe unajua utalirudia kesho jioni. Wiki ya kwanza mawazo hayatatii. Kwa kawaida huanza kutii yakizoea kwamba kweli yanapewa muda wake.

Kuhusu mwendo wa mwili, Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule unaokuwezesha kuongea lakini si kuimba. Ushauri huo unahitaji kusomwa kwa akili. Aliyeshinda akipalilia mikorosho hana deni la mazoezi. Ana deni la kukaa chini, kunyoosha mgongo na kunywa maji. Karani, fundi cherehani, dereva wa bodaboda na mwalimu anayesahihisha madaftari ndio wenye deni la mwendo, na dakika 30 mara tano kwa wiki zinalilipa. Mtwara mjini, ufukwe wa Shangani maji yakiwa yamepwa una mchanga mgumu unaofaa kutembea. Kuanzia Novemba joto na unyevu vinazidi, basi mwendo wa kabla ya saa 2 asubuhi ndio unaovumilika.

Chakula tusikipambe. Asiyekula tangu asubuhi hadi saa 10 jioni atatetemeka, atakasirika na hatafikiri sawasawa. Msimu wa kuokota korosho wengi hufanya hivyo. Muhogo wa kuchemsha au ming'oko, mbaazi za jana na maji ya kutosha, vikibebwa kwenda shambani, vinatosha.

Watu ni jambo lingine kabisa, na ndilo wanaume huliacha kwanza. Kuwa katikati ya kundi la WhatsApp la watu 200 si kuwa na mtu. Unahitaji mmoja au wawili ambao unaweza kuwaambia "wiki hii nimezidiwa" bila kuanza kujieleza. Kwa jamii nyingi za huku mila imeshawaweka watu hao: mjomba kwa kijana wa Kimakonde au Kimwera, kungwi kwa binti aliyechezwa unyago, shangazi, rafiki wa chuoni. Kinachohitajika ni ratiba. Simu ya dakika kumi kila Ijumaa baada ya swala, au kubaki robo saa na mwenzako mmoja baada ya kikao cha vikoba, huleta mengi kuliko ahadi ya "tutatafutana". Nchini Zimbabwe, mradi wa benchi la urafiki ulioanzishwa mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda hutumia bibi wa mtaani waliofundishwa, wakikaa na mtu kwenye benchi na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kulitatua kwanza. Mbinu hiyo hata mjomba anaweza kuiazima: sikiliza mpaka mwisho, kisha uliza, "Katika haya yote, tukianza na lipi litakupa nafuu?"

Vipimo viwili, na msimu

Kila tabia ipe vipimo viwili tangu mwanzo. Kipimo cha siku ya kawaida na kipimo cha siku ya shida. Kutembea dakika 30, au kuzunguka nyumba mara tatu. Pumzi dakika tano, au pumzi sita tu. Daftari dakika 15, au mstari mmoja. Kipimo kidogo faida yake kwa mwili ni ndogo, tunakiri hilo. Kazi yake ni kukifanya kigingi kiendelee kushika mpaka siku zitulie.

Kisha kaa na kalenda ya mwaka uiangalie kwa uaminifu. Mei hadi Agosti ni kupulizia salfa, kazi ya alfajiri kabla upepo haujaanza, kwa hiyo kigingi cha alfajiri kinahamia baada ya kuoga ukirudi. Oktoba hadi Desemba ni kuokota, kuanika, kuchambua, kusafirisha na kulinda magunia usiku. Kipindi hicho chote kiwe cha kipimo kidogo, bila kujilaumu, na wanaolinda wapeane zamu ili hakuna anayekesha usiku mbili mfululizo. Fedha zikiingia kuna mashaka ya aina yake: ndugu wanaodai, vitu vya kununua, mwenye pesa analala vibaya kuliko alipokuwa hana. Kugawa fedha kwenye karatasi kabla hazijaingia, hii ya ada, hii ya chakula, hii ya pembejeo, ni kujitunza kwa maana halisi. Januari hadi Machi chakula kinapungua na palizi imepamba moto. Huo ndio wakati wa kishawishi cha kuuza korosho za msimu ujao kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya chini kabla ya mavuno. Anayeuza hivyo ananunua usiku mmoja wa usingizi kwa mwaka mzima wa mawazo.

Kwa mama wa nyumbani, tatizo kubwa ni kwamba muda wake ni wa kila mtu. Yeye hawezi kujitunza kwa siri, anahitaji makubaliano. Ombi la jumla, kama "nisaidie", halimfikishi mbali. Ombi lenye kigingi na kipimo linajibika: "Baba Zuhura, kila nikiipua ugali wa usiku naomba dakika kumi, watoto wakae na wewe." Dakika kumi hazimtishi mtu. Mahali ambapo mume yuko dago (kambi ya wavuvi) au mjini, makubaliano yafanywe na wifi, mama mkwe au jirani, kwa kubadilishana: leo mimi nina wako, kesho wewe una wangu.

Kufuatilia kuwe kwepesi. Kalenda ya ukutani, alama ya vema kwa kila siku uliyofanya, hata kama ni kipimo kidogo. Ijumaa jioni andika namba moja kati ya 0 na 10: wiki hii moyo ulikuwaje. Usiangalie namba ya wiki moja, angalia mwelekeo wa wiki nne. Alama zikiwa nyingi na namba haipandi, badilisha tendo. Alama zikiwa chache, badilisha kigingi, tendo liache.

Pale ambapo kujitunza hakutoshi

Huzuni inayokaa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, ikiambatana na kupoteza hamu ya vitu ulivyopenda, usingizi au chakula kubadilika, uchovu, kushindwa kutuliza akili, kujiona huna thamani: hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Mama aliyejifungua karibuni asiambiwe ni uchovu tu. Anayesikia sauti wasizosikia wengine apelekwe hospitali bila kusubiri. Anzia zahanati au kituo cha afya. Wakihitaji kukupeleka mbele, kuna hospitali za wilaya, hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao, na hospitali za rufaa za mikoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi.

Mtu akisema amechoka kuishi, mwamini. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na kwa kuwa nyumba nyingi za huku zina viuatilifu vya mikorosho chini ya kitanda au nyuma ya mlango, vitolewe nyumbani au vifungiwe, ufunguo ukae kwa mtu mwingine. Hili lifanyike hata kabla ya kuwa na mashaka na mtu yeyote, maana hatari huwa kubwa zaidi pale uchungu mkali na sumu vinapokutana karibu.

Ukienda kituoni, beba ile kalenda. Mhudumu atataka kujua hali imeanza lini, unalala saa ngapi, unakula mara ngapi, unakunywa nini na kiasi gani, dawa gani nyingine unatumia, za kienyeji zikiwemo. Ukiandikiwa dawa za sonona, uliza zinaanza kufanya kazi baada ya muda gani. Nyingi huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha nafuu, ilhali maudhi madogo kama kichefuchefu huja siku za mwanzo, na hapo ndipo wengi wanapoziacha. Usiache ghafla bila kurudi kwa aliyekuandikia, na zile dakika tano za pumzi endelea nazo ukiwa kwenye dawa.